Simbilisi wa Jirani

Katika Mji Mkongwe wa Unguja nyumba zimekaribiana sana, hata mtu akikohoa ghorofani, jirani humpa pole kutoka dirisha la pili. Mambo ya uani hayafichiki. Basi mtoto akifuga simbilisi, kisha akamchoka, wa kwanza kujua ni jirani. Husikia asubuhi mlio wake mwembamba, kama wa filimbi ndogo. Huona tundu limeachwa juani, kopo la maji limekauka, na ukoko wa wali wa jana umetupwa ndani uwe chakula. Siku ya kwanza jirani huhuzunika. Siku ya saba amekwisha kuzoea.

Wako watu wazima, wenye akili njema, wasemao ya kwamba mnyama ni mali ya mwenyewe, na mtu wa mlango wa pili hana haki hata ya kumtazama. Wako na vijana wenye huruma wasemao ya kwamba afadhali kupanda ukuta usiku na kumtwaa. Wote wamekosa, na kosa lao ni moja: wamemsahau yule jirani. Hao wa kwanza wamemwacha peke yake na mzigo uliomshinda. Hao wa pili wamemfanya adui kabla hawajasikia neno lake.

Simbilisi si mwenyeji wa Unguja. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako watu wa Peru na nchi zilizo karibu walimfuga kwa nyama maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika. Mabaharia wakampeleka Ulaya katika karne ya 16, na huko akawa mnyama wa kupendeza watoto. Katika Tanzania Bara hufugwa hasa katika nyanda za juu za kusini, kama Njombe na Iringa. Na katika Kongo ya mashariki, pande za Kivu, yumo katika nyumba nyingi kwa ajili ya kitoweo. Ni mkubwa kuliko panya, mdogo kuliko sungura, hana mkia, na miguu yake ni mifupi. Ni nadra kuuma, ila akiogopeshwa. Hawezi kupanda ukuta, wala si hodari wa kuchimba shimo la kujificha. Akifungiwa ndani ya tundu, chakula chake, maji yake na kivuli chake vyote vi mikononi mwa mwanadamu. Paka wa vichochoroni huona njaa, lakini ana miguu. Aweza kushuka Malindi penye soko la samaki akaokota vichwa na matumbo. Simbilisi hana Malindi yake.

Tena liko jambo moja ambalo wafugaji wengi hawalijui, nalo humwua mnyama huyu polepole huku tumbo lake limejaa. Wanyama walio wengi hujitengenezea wenyewe ndani ya miili yao kile kiitwacho vitamini C. Mbuzi hujitengenezea, paka hujitengenezea, hata panya. Mwanadamu hawezi, na simbilisi naye hawezi. Katika jambo hili wao ni ndugu. Zamani mabaharia waliokaa miezi mingi baharini, wakila mikate mikavu na nyama ya chumvi, walitokwa na damu katika ufizi, meno yakalegea, viungo vikavimba, na wengi wakafa. Ugonjwa huo ndio kiseyeye. Hata mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka na mkate bila ya majani, wakaona kwa macho yao ugonjwa ule ule wa mabaharia. Wakawapa mboga mbichi, ukapungua. Hivyo simbilisi alishwaye ukoko wa wali kila siku anasafiri katika jahazi lisilo na matunda. Dawa yake haina bei kubwa: ukoka mbichi wa kutosha, na kipande kidogo cha pera au cha pilipili mboga kila siku. Walakini majani mabichi ya muhogo asipewe, maana yana sumu.

Meno yake nayo hayakomi kukua maisha yake yote, na kwa sababu hiyo yampasa kutafuna nyasi mchana kutwa. Joto ni adui yake mwingine. Huko alikotoka ni baridi, wala yeye hatokwi na jasho kama mtu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba, tundu lililowekwa chini ya bati laweza kumwua kwa adhuhuri moja. Lakini nyumba za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe na chokaa, zina kuta nene, na sakafu ya chini hukaa na ubaridi. Kumteremsha kutoka darini hata ukumbini hakugharimu hata senti moja.

Mambo hayo yakijulikana, hasira hupungua. Maana mtu amlishaye simbilisi wali aweza kuwa anampa kilicho bora katika chungu chake. Hakuna aliyemfundisha. Muuzaji alipomkabidhi mnyama ndani ya boksi hakumwambia habari za kiseyeye, huenda hata yeye hazijui. Ukatili uko duniani, nao ukionekana uitwe kwa jina lake. Ila mwanafunzi mwenye busara haanzi na jina hilo. Huanza na swali.

Katika Torati imo amri ihusuyo jambo hili, na ni ajabu jinsi watu wanavyoisoma upesi na kupita. Yasemwa ya kwamba mtu akimkuta punda wa adui yake ameanguka chini ya mzigo, asigeuze uso aende zake, bali amsaidie mwenyewe kumwinua. Wasomaji na waitazame vema. Haikuamriwa kumnyang'anya adui punda wake, ingawa pengine alimpakia kupita kiasi. Haikuamriwa kumhubiria njiani mbele ya watu. Iliamriwa kushika upande mmoja wa mzigo, naye mwenyewe ashike upande wa pili, na katika kuinua huko hao wawili wawe karibu, bega kwa bega, kwa mara ya kwanza labda tangu wagombane. Ikiwa adui alistahili hayo, jirani ambaye huazimana naye kiberiti na kupelekeana futari atakosaje kustahili? Waislamu, ambao ndio wengi katika Unguja, nao wamefundishwa tangu utotoni habari za mwanamke aliyehukumiwa kwa sababu ya paka: alimfungia ndani, asimpe chakula wala asimwachilie ajitafutie. Watu wa dini hizi mbili hutofautiana katika mengi, lakini mnyama aliyefungwa akafa njaa hana wa kumtetea mfungaji wake katika msikiti wala katika kanisa.

Basi itendwe namna gani? Mtoto asiende peke yake kumkosoa mtu mzima; hayo si adabu ya pwani, wala hayatafaa kitu. Amwambie kwanza mama yake au baba yake. Kisha waende pamoja, saa ya alasiri watu wanapokuwa wamepumzika, wapige hodi na kungoja waitikiwe. Na mkononi wawe wamechukua kitu. Mtu aingiaye mikono mitupu na shauri jingi hupewa kiti, hapewi sikio. Lakini aingiaye na tita la ukoka amekwisha kusema nusu ya maneno yake.

"Shikamoo, Bibi. Tumemletea simbilisi majani kidogo, tumeyakata shamba leo asubuhi."

"Marahaba, mwanangu. Mungu awabariki. Ah, mnyama yule! Mjukuu wangu ndiye aliyemtaka, sasa amekwenda kusoma Dar es Salaam, nami magoti haya hayaniruhusu kupanda darini kila mara."

Jibu laweza kuwa jingine, lakini mara nyingi hufanana na hilo. Katika maneno machache mambo yote yamefunuka: hapakuwa na ukatili, palikuwa na magoti. Mtu aliyekuwa amepanga kupanda ukuta usiku angalimwibia mwanamke mzee asiyeweza hata kumkimbiza. Na yule aliyesema kwamba mambo ya watu hayamhusu angalimwacha Bibi huyo na aibu yake, kila siku akisikia filimbi ile juu ya kichwa chake asiweze kuifikia.

Hapo ndipo msaada wa kweli unapoanza, nao si mkubwa. Mtoto aweza kuomba ruhusa ya kupanda kila asubuhi kabla ya shule, kubadili maji, kutoa takataka na kuweka majani. Aweza kuuliza kama tundu litateremshwa. Bibi ataona manyoya ya mnyama yakilainika, na huenda yeye mwenyewe akaanza kumtengea maganda ya karoti. Kazi hii ina uzito mmoja ambao mtoto auhesabu kabla ya kuahidi: haina Jumapili wala Sikukuu. Simbilisi aweza kuishi miaka mitano, au hata minane. Mwenye kuahidi kwa wiki mbili kisha akaacha, amemwongezea mnyama mtu wa pili wa kumsahau.

Ikiwa Bibi mwenyewe atasema, "Mchukueni, mimi siwezi tena," shauri jingine laja: apewe nani? Watu wengi hudhani swali hili ni jepesi. Kisa cha kobe wa Changuu chaonyesha kwamba sivyo.

Changuu ni kisiwa kidogo kilicho mbele ya Mji Mkongwe, upande wa kaskazini-magharibi. Mwaka 1919 Gavana wa Shelisheli alileta zawadi ya kobe wanne wa Aldabra, wale wakubwa sana waishio zaidi ya miaka mia. Wakastawi katika kisiwa, wakazaana, hata mwaka 1955 walikuwa wapata 200. Kisha wezi wakawajia. Kobe wa namna hii hununuliwa kwa fedha nyingi na watu wa nchi za mbali wapendao kufuga wanyama wa ajabu, na wengine waliliwa. Mwaka 1988 walikuwa 100. Mwaka 1990 walikuwa 50. Mwaka 1996 walikuwa 7. Kobe wadogo 80 wakachukuliwa mjini Unguja wapate ulinzi. Shauri lilikuwa jema, na kila mtu angalilikubali. Kati ya hao 80, wakapotea 40.

Neno hilo lafaa kufikiriwa na kila atakaye kumpatia mnyama makao mapya. Walihamishwa kwa sababu ya kupendwa, na nusu yao hawakuonekana tena. Baadaye serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa chama cha kimataifa cha kuwalinda wanyama, ilijenga ua mkubwa palepale Changuu. Na mwaka 2000 walihesabiwa kobe wakubwa 17, wa makamo 50, na watoto 90. Ua ulifaa kuliko safari. Yaani makao mema hayafanywi kwa kumwondoa mnyama penye shida tu, hufanywa kwa mahali panapofungwa vizuri, na mtu ajulikanaye kwa jina, awezaye kuulizwa kesho, "Yuko wapi?"

Kwa hiyo simbilisi asitolewe kwa wa kwanza anyooshaye mkono. Aulizwe kama ana kivuli, kama ana majani, kama nyumbani mwake mna paka au mbwa, na kama wazee wake wamekubali. Ni vizuri zaidi akienda mahali penye simbilisi mwenziwe, maana kwa tabia yao hukaa kundi, na akiwa peke yake huzubaa. Ila na atazamwe kwanza kama ni dume au jike. Dume na jike wakiwekwa pamoja, baada ya siku 60 au 70 mwenye nyumba atakuta vitoto vimezaliwa vikiwa na manyoya na macho yamefumbuka, navyo kesho yake vinakimbia. Na shauri lililoanza kwa kumwokoa mmoja litakuwa shauri la kuwatafutia makao watano.

Hapana budi kulijibu neno la wale wasemao ya kwamba haya yote ni anasa. Wao husema, kwanza watoto wenye njaa washibe, kisha ndipo simbilisi afikiriwe. Neno hili lina sura ya haki, lakini historia hailishuhudii. Katika Uingereza mwaka 1822 Bunge lilipitisha sheria, kwa juhudi ya Richard Martin, ya kuwaadhibu watesao ng'ombe, farasi na punda. Tarehe 16 Juni 1824 watu wachache walikutana London katika nyumba moja ya kahawa, kama wanavyokutana watu wa Mji Mkongwe penye baraza zao, wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Aliyewaita ni kasisi, Arthur Broome, ambaye baadaye alitiwa gerezani kwa madeni ya chama hicho. Na mmoja wa wenziwe alikuwa William Wilberforce.

Jina hilo si geni kwa mwanafunzi wa Unguja. Ndiye aliyepigana miaka mingi katika Bunge hata Waingereza wakakatazwa biashara ya watumwa mwaka 1807. Na biashara ile ile ilipokomeshwa Zanzibar, soko la watumwa la Mkunazini likafungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu lililoko hata leo. Mtu aliyekuwa na kazi kubwa kama hiyo angaliweza kusema kwamba hana nafasi ya punda wa wachuuzi wa London. Hakusema. Yaelekea huruma haifanani na fedha, ambayo ukimpa huyu humpungukia yule. Huenda yafanana zaidi na mkono, ambao kadiri utumikavyo ndivyo upatavyo nguvu. Mtoto ajuaye kusikia filimbi ya simbilisi juu ya dari, labda ndiye atakayesikia pia kwamba Bibi wa nyumba ile hajapika tangu jana.

Tena wanadamu wana deni kwa mnyama huyu. Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu, ushahidi wake ulitoka kwa simbilisi, ambao walitiwa ugonjwa huo wakafa, ili mwanadamu ajue adui yake ni nani. Waliokufa kwa kazi ile hawana kaburi lao popote.

Yabaki yule jirani asiyekubali. Yuko, maana watu hawafanani. Hufungua mlango nusu, husema kwamba mnyama ni wake na atamfanya apendavyo. Hapo mtoto asibishane, wala asiseme neno la kejeli kichochoroni. Mzazi wake au mwalimu wake aende kwa mtu ambaye jirani yule humheshimu, imamu, au kasisi, au mzee wa mtaa. Na isipofaa, yuko sheha, ambaye kazi yake ni kusikiliza mambo ya shehia, na wako madaktari wa mifugo wa serikali. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, na Zanzibar ina sheria zake na maofisa wake. Njia hii ni ndefu, na mnyama anaumwa wakati watu wanapoifuata. Hilo ni kweli na lauma moyo. Lakini ukuta ukipandwa usiku mara moja, hakuna mlango utakaofunguliwa tena mchana, na mtu yule aweza kununua simbilisi mwingine kesho yake, naye akakaa katika tundu lile lile. Ukoka wapenya katika nyavu za tundu hata kwa mwenye kuomba ruhusa hiyo tu, nayo ni ruhusa ambayo hata mtu mkali huona haya kuikataa.

Na kwa Bibi mwenye magoti mambo ni mepesi zaidi. Siku simbilisi wake atakapohama, na apelekwe asubuhi, kabla jua halijawa kali, ndani ya pakacha lililotandikwa nyasi za tundu lake la zamani, ili harufu aijuayo iende pamoja naye. Na Bibi aelezwe wazi nyumba aendako ni ipi, kichochoro gani, na mlango wake una alama gani, ili mjukuu atakaporudi likizo ajue pa kwenda kumtazama.